Mwongozo Kamili wa Kuchagua Vitambaa vya Viti Vinavyostahimili Moto kwa Ndege ya Kujiundia

Nchini Marekani, ndege ambayo sehemu yake kubwa imeundwa na mtu kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha hupewa cheti cha ndege ya majaribio chini ya kanuni ya shirikisho ya usafiri wa anga namba 21.191(g), na kanuni hiyo haisemi lolote kuhusu kitambaa cha kiti. Mkaguzi anayeitazama ndege hiyo kabla haijaruka kwa mara ya kwanza ataangalia injini, nyaya za usukani, mikanda na bango la kumtahadharisha abiria, lakini hatasogeza moto kwenye mto wa kiti. Mjenzi anaweza, bila kuvunja sheria yoyote, kununua sponji ya godoro la kawaida, akaivika kitambaa cha mapazia, akaruka na mkewe au mwanawe. Ndege ndogo za kiwandani hazina uhuru huo: kanuni za Sehemu ya 23 zinataka vitu vilivyomo katika chumba kinachofikika wakati wa safari viwe vinastahimili mwali, na ndege kubwa za abiria zinabanwa na masharti makali zaidi ya kanuni ya 25.853, iliyomo katika Sehemu ya 25. Mjenzi wa nyumbani ndiye anayejitungia masharti, na ni wajibu wake kuyatunga kwa makini kana kwamba kuna mtu atakayemkagua.

Anayejengea Tanzania au Kenya aanze kwa kuuliza mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yake, yaani TCAA au KCAA, wanataka nini kwa maandishi, kwa sababu uhuru unaoelezwa hapa ni wa Marekani na hausafiri pamoja na sanduku la vipuri.

Jambo moja linatawala mwongozo huu wote. Kitambaa hakichaguliwi peke yake. Kinachoungua ni kiti kizima, yaani kitambaa, sponji iliyo chini yake, uzi uliovishona, gundi iliyovishikilia na velkro iliyovifunga, na kitambaa bora kabisa kilichowekwa juu ya sponji mbaya hukupa sekunde chache tu kabla sponji haijaanza kuwaka. Kwa mfano nitakuwa nikirejea ndege ya viti viwili vya ubavu kwa ubavu kama RV-7 ya Van's Aircraft ya Aurora, Oregon, kwa kuwa ni ndege ya alumini inayofahamika na wajenzi wengi, na kwa kuwa viti vyake vimekaa karibu sana na vyanzo vya moto.

Kwanza, ujue ni moto gani unaojikinga nao

Keti ndani ya chumba cha ndege yako kabla hujanunua chochote, kisha uorodheshe kila kitu kinachoweza kuwasha kiti. Katika RV-7 mabomba ya petroli kutoka matangi ya mabawa huingia chumbani hadi kwenye swichi ya kuchagulia tangi iliyopo kati ya viti, na pampu ya umeme ya petroli iko jirani nayo. Chini ya dashibodi kuna fungu la nyaya ambalo linaweza kupiga shoti. Mfukoni mwa abiria kuna simu yenye betri ya lithiamu, na simu ikidondoka kati ya kiti na ukuta, kisha ikabanwa hapo, betri hiyo inaweza kupasuka na kutoa mwali wenye nguvu kwenye pembe ya chini ya mto, mahali ambapo mkono haufiki kwa urahisi. Ukifunga kifaa cha kupasha kiti joto, umeongeza chanzo kingine ndani ya mto wenyewe.

Baada ya hapo kubali kwamba kuna moto ambao kitambaa hakiwezi kuuzuia. Ndege ikianguka na tangi likapasuka, petroli ndiyo inayoungua, na ulinzi wake uko kwenye mabomba, kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba, na kwenye mlango unaofunguka upesi. Kitambaa kina kazi ndogo zaidi lakini ya lazima: kuuzuia moto mdogo usiwe mkubwa katika muda ambao rubani anahitaji kuzima umeme, kuchukua kizima moto na kushuka. Ukiwa futi 3,000 juu ya ardhi na ukashuka kwa kasi ya futi 1,500 kwa dakika, unahitaji dakika mbili nzima hata kabla ya kuhesabu muda wa kutua na kusimama. Dakika hizo mbili ndizo unazozinunua dukani unapochagua kitambaa.

Usafiri wa ndege kubwa ulijifunza umuhimu wa muda huo kwa gharama ya maisha. Tarehe 2 Juni 1983 ndege ya Air Canada aina ya DC-9, safari namba 797, ilitua karibu na Cincinnati ikiwa imejaa moshi. Milango ilipofunguliwa na hewa ikaingia, moto ulitapakaa chumbani kwa ghafla kabla watu wote hawajatoka, na 23 kati ya 46 waliokuwamo walikufa. Mwaka uliofuata, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, ilipitisha kanuni mpya ya mito ya viti na kuyapa mashirika miaka mitatu ya kuitekeleza. Tangu hapo viti vya ndege kubwa huwa na tabaka la kuzuia moto kati ya kitambaa na sponji, au sponji ambayo yenyewe haishiki moto kwa urahisi, na mjenzi wa nyumbani anaweza kuiga jambo hilo kwa gharama isiyo kubwa.

Pili, uvielewe vipimo kabla ya kuamini maneno ya muuzaji

Hapa ndipo wajenzi wengi wanapopotezwa, kwa kuwa maneno "kinastahimili moto" yanaweza kuandikwa kwenye karibu kitambaa chochote. Kuna vipimo vingi, na vingine havina uhusiano na hatari ya ndani ya ndege.

Kipimo unachopaswa kukitumia kama msingi ni kile cha wima cha sekunde 12, kilichomo katika Kiambatisho F cha Sehemu ya 25 na kinachotajwa na kanuni ya 25.853(a). Kipande cha kitambaa huning'inizwa wima, mwali wa gesi wenye urefu wa milimita 38 na joto lisilopungua nyuzi 843 za Selsiasi huwekwa chini ya ukingo wake kwa sekunde 12, kisha huondolewa. Ili kifaulu, kwa wastani wa vipande angalau vitatu, kitambaa kisiungue zaidi ya inchi 8, yaani takriban sentimita 20; kisiendelee kuwaka kwa zaidi ya sekunde 15 baada ya mwali kuondolewa; na matone yanayodondoka yasiwake kwa zaidi ya sekunde 5. Zingatia sharti hilo la tatu, kwa sababu tone linalowaka hubeba moto kutoka kwenye kiti hadi kwenye zulia, na katika ndege ndogo chini ya zulia pana nyaya na mabomba.

Katika kiambatisho hichohicho kuna kipimo cha sekunde 60, ambacho ni cha paneli za ukuta na dari. Kitambaa kilichofaulu cha sekunde 60 ni kizuri, lakini usikatae kitambaa cha kiti kwa sababu kimepimwa kwa sekunde 12 tu.

Kipimo cha mito ni kingine kabisa. Kiti cha mfano chenye mto wa kukalia na wa mgongo, kikiwa na kila kitu kilichomo ndani yake, huelekezewa mwali wa kichomeo cha mafuta kwa dakika mbili, na kisipoteze zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Kipimo hicho hufanyika maabara na ni ghali. Hata hivyo ndicho kinachosema kweli zaidi, kwa kuwa kinapima kiti kizima, na ukipata sponji na kitambaa ambavyo tayari vimefaulu vikiwa kiti kimoja, umejiondolea mashaka mengi.

Sasa tazama kipimo cha magari cha Marekani, FMVSS 302, ambacho kilianza kutumika mwaka 1972 na ndicho utakachokutana nacho kwenye reksini na vitambaa vingi vya magari. Hicho hulaza kitambaa na kukubali kiendelee kuungua, mradi moto usisafiri kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Kwa kasi hiyo mgongo wa kiti wenye urefu wa sentimita 51 ungeteketea wote kwa dakika tano, na kitambaa bado kingehesabika kimefaulu. Tena hiyo ni kasi ya kitambaa kilicholazwa, ilhali mgongo wa kiti husimama wima na moto hupanda upesi zaidi kuliko unavyotambaa. Gari husimama pembeni na watu wakashuka. Kwa sababu hiyo sikubali FMVSS 302 peke yake kuwa sababu ya kununua kitambaa cha ndege, ingawa wapo wajenzi wanaoitumia.

Kipimo cha samani za nyumbani cha California, TB 117-2013, hupima moto wa kufukuta kama wa sigara na si mwali wa wazi. NFPA 701 ni cha mapazia. Muuzaji akikutajia vipimo hivyo, anasema kweli kuhusu jambo lisilokuhusu sana.

Tatu, chagua nyuzi

Namna moja ya kulinganisha nyuzi ni kutazama ni asilimia ngapi ya oksijeni inayohitajika hewani ili kitu kiendelee kuwaka chenyewe. Hewa tunayovuta ina takriban asilimia 21. Kitu kinachohitaji chini ya hapo kitaendelea kuungua baada ya kuwashwa, na kinachohitaji zaidi kitaelekea kujizima. Pamba na akriliki zinahitaji takriban 18. Polyesta na nailoni za kawaida zinakaribia 20 au 21. Sufu inahitaji kama 25, Nomex, ambayo nitaieleza hapa chini, kati ya 28 na 30, na PBI, nyuzi za kiwandani za kustahimili joto kali, takriban 41. Namba hizo hazimalizi habari, kwa kuwa umbo la kitambaa, unene wake na rangi iliyotiwa hubadilisha tabia yake, lakini zinakuonyesha pa kuanzia.

Kwa maoni yangu sufu ndiyo chaguo la kwanza kwa ndege nyingi za kujiundia. Ina nitrojeni ya takriban asilimia 16 na hushika unyevu mwingi ndani ya nyuzi zake, hivyo haishiki moto mpaka joto lifike kama nyuzi 570 hadi 600 za Selsiasi. Ikiungua haiyeyuki wala haidondoshi matone ya moto; hujikunja na kufanya gamba jeusi ambalo hukinga kilicho chini yake. Vitambaa vingi vya viti vya ndege za mashirika vimetengenezwa kwa sufu ya asilimia 90 au zaidi iliyochanganywa na nailoni kidogo ili visichakae upesi, na kwa kawaida hupitishwa kwenye dawa ya Zirpro, yenye chumvi za zirkoniamu, ambayo ilibuniwa miaka ya 1970 na huungana na nyuzi wakati wa kutiwa rangi. Faida nyingine ni kwamba sufu haikuachi umelowa jasho katika ndege yenye kifuniko cha plastiki angavu juani. Hasara zake ni bei, na nondo, ambao watakula kiti cha ndege inayokaa bandani kwa miezi bila kuruka.

Polyesta ya kawaida huyeyuka kwenye takriban nyuzi 250 hadi 260 na kudondosha matone. Ipo lakini polyesta ya aina nyingine, kama Trevira CS, ambayo fosforasi imejengwa ndani ya nyuzi zenyewe na hivyo haiondoki kwa kufuliwa. Hiyo ni nyepesi, inafulika, ina rangi nyingi na nondo hawaigusi. Bado huyeyuka na kuachana na mwali, na hapo ndipo tahadhari inapohitajika: kitambaa kinachoyeyuka hujiokoa chenyewe kwa kuukimbia moto, na kinapoukimbia huiacha sponji wazi. Ukichagua polyesta ya namna hii, tabaka la kuzuia moto chini yake si jambo la hiari tena.

Nomex, nyuzi ya kampuni ya DuPont iliyoingia sokoni katika miaka ya 1960, haiyeyuki kabisa na hustahimili moto vizuri sana. Watu wengi huiona ndiyo jibu la moja kwa moja kwa sababu ovaroli za marubani wa kivita hushonwa kwayo. Kama kitambaa cha juu cha kiti, hata hivyo, ina udhaifu: nyuzi za jamii ya aramidi, ambamo Nomex na Kevlar zimo, na Kevlar hasa, hufifia na kudhoofika zikipigwa jua kwa muda mrefu, na ndege yenye kifuniko angavu ni kama tanuri la mwanga. Mahali pake panapofaa zaidi ni chini ya kitambaa, ambako jua halifiki.

Ngozi halisi hukinga moto vizuri kuliko watu wanavyodhani, mradi iwe imetiwa dawa kiwandani wakati wa kusindikwa na si kupuliziwa dawa juu baadaye. Hujikunja ikipata joto, kwa hiyo angalia mshono unavyofanya inapobanwa na mwali. Ngozi iliyokusudiwa makochi huwa imepakwa tabaka la plastiki na mafuta ambayo hubadilisha kila kitu, na kuuliza "ni ngozi halisi?" hakutoshi. Reksini ya PVC haishiki moto upesi kwa sababu ya klorini iliyomo, lakini ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya haidrojeni inayochoma macho na koo, na katika chumba kidogo rubani asiyeona hawezi kutua. Mimi huiacha.

Neno kuhusu ngozi za kondoo zenye manyoya, ambazo marubani huzipenda sana. Zikiwa halisi, manyoya hayo ni sufu na yana tabia ya sufu. Zile bandia, zenye manyoya ya akriliki au polyesta, ni miongoni mwa vitu vya hatari zaidi unavyoweza kuvitandika juu ya kiti: nyuzi zimesimama moja moja, kila moja imezungukwa na hewa, na moto hupita juu yake kwa sekunde. Zikataeni kabisa, hata kama mpo wawili na mwenzako amekwisha kuzinunua.

Pamba tupu, hariri bandia na akriliki vifuate njia hiyohiyo ya kukataliwa. Pamba inaweza kutiwa dawa, lakini dawa nyingi za kujipulizia nyumbani ni chumvi zinazoyeyuka majini, kama za boraksi au fosfati ya amonia. Zinaondoka kwa jasho na kufuliwa. Tena, na hili halisemwi vya kutosha, baadhi ya chumvi hizo huvuta unyevu na kuila alumini iliyo chini ya kiti. Unaweza kuwa unajikinga na moto huku ukianzisha kutu nyeupe kwenye sakafu ya ndege uliyoipiga ribiti kwa mikono yako.

Nne, uende chini ya kitambaa

Sponji ya polyurethani ndiyo kuni ya kiti. Ikiwa haijatiwa dawa, huwaka katika oksijeni ya asilimia 18 hivi, hutoa joto kali, na moshi wake una kaboni monoksaidi na sianidi ya haidrojeni, gesi mbili zinazomlevya na kumuua mtu kabla mwali haujamfikia. Mito miwili ya viti na migongo yake ina sponji ya kutosha kukijaza chumba cha RV-7 moshi usiopenyeka kwa macho.

Tafuta sponji ambayo yenyewe imepimwa kwa sekunde 12 za wima. Kiambatisho F kinataka sponji nene ipimwe ikiwa imekatwa kwa unene wa nusu inchi, yaani milimita 13 hivi, na karatasi ya muuzaji inapaswa kuonyesha hivyo. Wajenzi wengi hupenda sponji ya Confor, inayobonyea polepole na kupunguza mshtuko wa mgongo wakati wa kutua kwa kishindo. Ina rangi tofauti kulingana na ugumu wake, ambapo ya kijani ni ngumu kuliko ya buluu na ya waridi. Ijue tabia yake kabla ya kuikata: hulainika kwenye joto na kuwa ngumu kwenye baridi, kwa hiyo mto uliouona mzuri ndani ya karakana yenye kiyoyozi utakuwa laini zaidi kwenye uwanja wenye jua.

Kisha vika sponji hiyo tabaka la kuzuia moto. Ni kitambaa chembamba au felti ya nyuzi za Nomex, Kevlar, PBI au polyakrilonitrili iliyooksidishwa, ambayo ni myeusi na huhitaji zaidi ya asilimia 45 ya oksijeni ili iungue. Ishone kama foronya kamili, ikizunguka sponji pande zote sita, pamoja na chini. Kosa linaloonekana mara kwa mara kwenye viti vya kujishonea ni kuvika juu na mbele tu kwa kuwa ndiko kunakoonekana, ilhali shoti, simu iliyodondoka na petroli iliyovuja vyote hushambulia kutoka chini na pembeni. Mahali pa zipu, tabaka lipishane kwa sentimita tano au zaidi ili pasibaki mwanya.

Fedha zikiwa ni za jambo moja tu, zitumie hapa. Kitambaa cha wastani juu ya tabaka zuri ni salama kuliko kitambaa cha kifahari juu ya sponji tupu.

Tano, uzi, gundi na vifungo

Uzi wa polyesta huyeyuka, mshono hufunguka, na foronya uliyoishona kwa uangalifu hupasuka mdomo mbele ya moto. Shona tabaka la kuzuia moto kwa uzi wa Nomex au wa Kevlar, na kitambaa cha juu vilevile ukiweza, ukichagua Nomex pale ambapo uzi utaonekana na jua. Gundi ya kupulizia ipakwe kidogo tu, kwenye sponji na sponji, na iachwe ikauke kabisa, kwa sababu kiyeyushi kilichomo ndani yake huwaka na mabaki yake hulisha moto. Velkro ya kawaida ni nailoni. Ipo ya kustahimili moto na tofauti ya bei kwa viti viwili ni ndogo.

Sita, dai karatasi inayotaja kitambaa chako

Ukipata kitambaa kinachokupendeza, usiridhike na sentensi ya tangazo. Omba karatasi ya kipimo cha moto inayotaja aya ya kanuni, kwa mfano "25.853(a), sekunde 12 wima", jina la maabara, tarehe, matokeo kwa tarakimu, na namba ya jora. Karatasi inayosema tu "kinakidhi 25.853" bila aya haijakuambia kitambaa kilipimwa vipi. Namba ya jora ina maana kwa sababu rangi na dawa hutofautiana kutoka jora moja hadi jingine, na kitambaa cheusi kinaweza kufaulu ilhali cha krimu cha aina hiyohiyo kikashindwa.

Nunua vitambaa vyote vya ndege yako kutoka jora moja, na uongeze mita moja au mbili. Kwa viti viwili vyenye migongo na mifuko, mita tano za upana wa mita 1.4 kwa kawaida hutosha pamoja na mabaki ya kuchoma.

Saba, choma mwenyewe

Hata ukiwa na karatasi nzuri, choma. Jaribio la nyumbani halitoi cheti, lakini hukufundisha kwa macho yako kitu ambacho karatasi haiwezi, nalo huonyesha udanganyifu upesi.

Fanya kazi hiyo nje, mbali na banda la ndege na mbali na petroli yoyote, ukiwa na ndoo ya maji, mchanga na kizima moto. Simama upande unakotoka upepo. Barakoa ya vumbi haizuii sianidi. Mtu wa pili awepo, mmoja ashike moto na mwingine ashike saa.

Kata vipande vya milimita 75 kwa 305, vitatu kwa kufuata mtande (nyuzi za urefu wa jora) na vitatu kwa kufuata mshindio (nyuzi za upana), kwa kuwa kitambaa huungua tofauti kwa kila upande. Maabara huviweka vipande kwa saa 24 kwenye nyuzi 21 hivi na unyevu wa asilimia 50 kabla ya kuvichoma. Katika mji wa pwani kama Mombasa au Dar es Salaam jambo hili si la kupuuzwa: sufu au pamba iliyonyonya unyevu wa hewa ya bahari huungua polepole kuliko ilivyo kweli, na utajipa matokeo mazuri yasiyo yako. Viweke usiku kucha katika chumba chenye kiyoyozi, kisha uvitoe kimoja kimoja.

Ning'iniza kipande kwa kibano cha chuma, kwenye kona isiyo na upepo. Rekebisha kichomeo cha gesi mpaka mwali uwe na urefu wa milimita 38, ukisogeze ili mdomo wake uwe milimita 19 chini ya ukingo wa kitambaa, hesabu sekunde 12, ondoa. Andika mwali uliendelea kwa sekunde ngapi, matone yaliwaka kwa muda gani chini, na, baada ya kipande kupoa, urefu ulioungua kutoka ukingoni. Linganisha wastani na 15, 5 na sentimita 20. Kitambaa kinachofaulu kwa kubahatisha, chenye vipande viwili vizuri na kimoja kilichoungua hadi juu, ni kitambaa kilichoshindwa.

Baada ya hapo tengeneza pembe ya kiti, ya kama sentimita 20 kwa 20, yenye sponji, tabaka, kitambaa, mshono, kipande cha zipu na gundi, vyote kama vitakavyokuwa ndani ya ndege. Elekeza mwali kwenye mshono wa chini kwa dakika nzima. Kisha ichane kwa kisu na utazame sponji ina rangi gani. Tengeneza nyingine yenye mchaniko wa sentimita tano juu ya kitambaa, kwa sababu baada ya miaka michache ya buti na vifungo vya mikanda viti vyako vitakuwa na michaniko, na uone kama tabaka linasimama peke yake. Jaribio hili la pembe ndilo ninaloliamini kuliko yote ya nyumbani.

Ukifua kitambaa kwa njia utakayoitumia baadaye, mara kadhaa, choma tena. Dawa inayoondoka itajionyesha hapo, kabla fundi hajakata jora.

Nane, uzito na uchakavu

Sufu ya viti huwa na gramu 400 hadi 500 kwa mita ya mraba, na ngozi ya viti mara nyingi hukaribia maradufu. Kwa mita za mraba saba, tofauti ya gramu 450 ni zaidi ya kilo tatu, ambazo utazibeba katika kila safari ya maisha ya ndege; pima kipande kwa mizani badala ya kukisia, na ujumlishe sponji na tabaka. Kwa uchakavu, uliza matokeo ya kipimo cha Martindale, ambacho husugua kitambaa na kuhesabu misuguo, na utafute 30,000 au zaidi.

Tisa, kumkabidhi fundi na kutunza baadaye

Fundi mzuri wa makochi anaweza kushona viti vya ndege vizuri sana, lakini ana mazoea yake: ataongeza pamba ya kujazia kwenye kona ili zipendeze, atatumia uzi alio nao mashineni, atapaka gundi kwa ukarimu. Mpelekee kila kitu mwenyewe, pamoja na uzi, na umweleze sababu. Mwombe akurudishie mabaki yote. Kabla ya kufunga mto, fungua zipu na utazame ndani kwamba tabaka limezunguka pande zote, kwa kuwa baada ya hapo hakuna atakayeliona tena.

Weka karatasi za vipimo, risiti, namba za jora na matokeo yako ya kuchoma katika faili ya ndege, ili mnunuzi wa baadaye au fundi atakayebadilisha kitambaa ajue alichokikuta. Katika ukaguzi wa kila miezi 12, toa mito, tazama chini yake kama kuna mchaniko, dalili ya petroli au kutu nyeupe, na uangalie tabaka halijasagika mahali linaposuguana na chuma. Mto ulionyonya petroli au mafuta haufuliwi ukarudishwa. Hutupwa, ukashonwa mwingine kwa ile mita uliyoiweka akiba, baada ya kukata kutoka kwenye mita hiyo vipande vitatu na kuvichoma upya.